Kaimu au Mrithi? Historia ya Uteuzi wa Kidhibiti Kikuu na Kidhibiti cha Akiba katika Marundo ya Swichi, 1977–2024

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya namna vifaa vya mtandao wa kompyuta vinavyoamua, bila binadamu kuwapo, ni kifaa kipi kiongoze na ni kipi kikae tayari kushika nafasi yake. Mfano mkuu ni rundo la swichi, yaani swichi kadhaa zinazofanya kazi kama kifaa kimoja. Kwa kupitia makala za kitaaluma, nyaraka sanifu na miongozo ya watengenezaji, makala inadai kuwa utaratibu wa marundo haukubuniwa upya katika miaka ya 2000, bali ulirithi mjadala ulioanza mwaka 1977. Aidha, inadai kuwa tofauti kubwa ya kihistoria kati ya taratibu hizo haimo katika kigezo cha kumpata kiongozi, bali katika jibu la swali moja: kiongozi wa zamani akirejea, anarudishiwa nafasi yake au la? Kiswahili kinalo tayari neno la kila jibu: kaimu na mrithi. Mwishoni, makala inajadili athari za hoja hiyo kwa istilahi za Kiswahili za mitandao.

1.0 Utangulizi

Katika chumba cha mitambo cha chuo, hospitali au benki, aghalabu huonekana swichi kadhaa zimepangwa moja juu ya nyingine katika kabati la chuma, zikiwa zimeunganishwa nyuma kwa kebo fupi. Kwa mtu anayezitazama, hivyo ni vifaa vingi. Kwa mtandao, ni kifaa kimoja chenye jina moja, anwani moja ya usimamizi na usanidi mmoja. Mpangilio huo ndio unaoitwa rundo katika makala hii.

Ili rundo liwe na kauli moja, swichi moja miongoni mwao hubeba jukumu la kidhibiti kikuu. Hiyo ndiyo hutunza usanidi, huzungumza na msimamizi wa mtandao, na hukokotoa njia ambazo swichi nyingine huzifuata. Kwa kuwa kifaa chochote huweza kuharibika, lazima pia kuwe na njia ya kumpata atakayeshika usukani. Waswahili husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo inataja hatari moja kati ya mbili zinazolikabili rundo. Hatari ya pili ni chombo kubaki bila nahodha. Historia inayosimuliwa hapa ni ya wahandisi waliojaribu kuikwepa hatari moja bila kuangukia katika nyingine.

Vitabu vingi vya kiada huwasilisha jambo hili kama orodha ya vigezo vya kukariri kwa ajili ya mtihani: kwanza kipaumbele, kisha muda, kisha anwani. Uwasilishaji huo haukosei, lakini unaficha sababu za orodha kuwa ilivyo. Makala hii inauliza maswali matatu. Kwanza, vigezo hivyo vilitoka wapi? Pili, kwa nini watengenezaji wawili waliokabiliwa na tatizo lilelile walipanga vigezo vilevile kwa mfuatano tofauti? Tatu, maneno tunayoyatumia kueleza utaratibu huu katika Kiswahili yanasaidia au yanazuia uelewa?

2.0 Tatizo la Pete, 1977–1985

Mwaka 1977, Gérard Le Lann, mtafiti wa Ufaransa, alijadili mfumo wa kompyuta zilizounganishwa kwa umbo la pete. Katika mfumo huo, kompyuta hupokezana tokeni, yaani kibali cha kutumia njia ya pamoja. Tokeni ikipotea, kazi husimama. Lazima kompyuta moja iunde tokeni mpya. Lakini zikiunda mbili, pete inakuwa na vibali viwili na kazi inavurugika. Kwa hiyo, kabla ya kuirejesha tokeni, ni lazima kwanza ijulikane ni nani mwenye haki ya kuirejesha.

Suluhisho la Le Lann lilikuwa kila kompyuta ipeleke namba yake kuzunguka pete nzima. Baada ya kuziona namba zote, kila moja hujua kama yake ndiyo iliyoshinda. Suluhisho hilo ni sahihi lakini lina gharama. Katika pete ya kompyuta 8, jumbe 8 husafiri hatua 8 kila mmoja, jumla 64. Mwaka 1979, Ernest Chang na Rosemary Roberts walipendekeza badiliko dogo lenye athari kubwa: kompyuta inayopokea namba ndogo kuliko yake isiipitishe. Namba dhaifu hufia njiani. Kwa pete ileile ya kompyuta 8, wastani wa hatua hushuka hadi takriban 22, na hali mbaya kabisa huwa 36.

Katika utaratibu huo wote, hakuna anayepiga kura. Kila kompyuta hulinganisha namba na kukubali matokeo. Mshindi hajashawishi mtu. Alizaliwa na namba kubwa. Jambo hili litarejewa katika sehemu ya 7.0.

Mwaka 1980, Dana Angluin alionesha kwa nini namba hizo haziwezi kuepukwa. Iwapo kompyuta zote katika pete zinafanana kabisa, zimeanza katika hali moja na zinafuata maagizo yaleyale bila kubahatisha, basi kila hatua itaziacha zikiendelea kufanana. Hakuna wakati ambapo moja itajitenga na kusema “mimi ndiye”. Ili kiongozi apatikane, lazima kuwe na tofauti iliyopandwa kabla. Katika mitandao ya eneo dogo, tofauti hiyo ilipatikana katika anwani ya maunzi yenye biti 48 ambayo kiwanda hukipa kila kifaa. Ndiyo maana anwani hiyo hukutwa mwishoni mwa karibu kila orodha ya vigezo iliyofuata: si kwa sababu inaeleza ubora wowote wa kifaa, bali kwa sababu ndiyo tofauti pekee inayotarajiwa kuwapo daima.

Mwaka 1982, Hector Garcia-Molina aliliweka tatizo katika mazingira ya kompyuta zinazoharibika na kupona. Katika utaratibu wake mashuhuri zaidi, kompyuta inayogundua kuwa kiongozi hajibu huwauliza wote wenye namba kubwa kuliko yake. Wasipojibu, hujitangaza kuwa kiongozi. Lakini mwenye namba kubwa zaidi akipona, humwondoa aliyepo na kuchukua nafasi. Utaratibu huo ulipewa jina la Kiingereza lenye maana ya mbabe, na jina hilo linaustahili.

Pete halisi zilichukua njia nyingine. Katika sanifu ya IEEE 802.5 ya mwaka 1985, kituo kimoja huwa msimamizi hai na vingine vyote huwa wasimamizi wa akiba. Msimamizi hai hutangaza uwepo wake kila baada ya sekunde 7. Wa akiba wakikaa sekunde 15 bila kumsikia, hushindana, na mwenye anwani kubwa hushinda. Msimamizi wa zamani akirejea, hujiunga kama wa akiba. Hawezi kudai kiti alichokiacha.

Hivyo, kufikia mwaka 1985 misimamo miwili ilikuwa imekwisha kujitokeza. Katika utaratibu wa Garcia-Molina, anayeshika nafasi ni kaimu: anaikalia mpaka mwenyewe arudi. Katika pete ya IEEE 802.5, anayeshika nafasi ni mrithi: akishaipata, ni yake mpaka naye aondoke.

3.0 Mti na Mzizi Wake, 1985–2002

Mwaka 1985, Radia Perlman, aliyekuwa mhandisi wa Digital Equipment Corporation, alichapisha utaratibu wa kuzuia mizunguko katika mitandao iliyounganishwa kwa madaraja. Ujumbe unaoingia katika mzunguko hauna kikomo. Huzunguka na kuongezeka mpaka mtandao uzidiwe. Perlman aliyafanya madaraja yakubaliane juu ya mti mmoja unaofika kila mahali bila kujirudia. Mti unahitaji mzizi, na mzizi hupatikana kwa kulinganisha namba: biti 16 za kipaumbele, ambacho thamani yake ya kiwandani ni 32768, zikifuatiwa na biti 48 za anwani ya maunzi. Namba ndogo ndiyo hushinda. Utaratibu huo ulipitishwa kuwa sanifu ya IEEE 802.1D mwaka 1990.

Mambo mawili katika sanifu hiyo yanahusu mjadala wetu. La kwanza ni kwamba hakuna mzizi wa akiba. Msimamizi wa mtandao anaweza kukipa kifaa fulani kipaumbele cha pili, lakini itifaki yenyewe haimtambui mrithi yeyote. Mzizi ukifa, madai huanza upya. Wakati wowote kikiingia kifaa chenye namba ndogo zaidi, hutwaa mzizi papo hapo, hata kama mtandao ulikuwa umetulia kwa miaka. Huu ni ukaimu uliofikishwa mwisho: kila aliye juu ni kaimu wa yeyote mwenye nasaba bora atakayefika kesho.

La pili ni athari ya kutogusa thamani ya kiwandani. Vifaa vyote vikiwa na 32768, anwani ndiyo huamua. Kwa kuwa mtengenezaji hugawa anwani kwa kupanda, kifaa chenye anwani ndogo mara nyingi ndicho kilichotoka kiwandani zamani zaidi. Matokeo yake ni kwamba mtandao usiosimamiwa huelekea kuweka kifaa chake kikongwe, na pengine dhaifu kuliko vyote, katika nafasi muhimu kuliko zote.

Kwamba jambo hili si la kinadharia tu kulioneshwa na tukio la Novemba 2002 katika hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani. Mtandao wa hospitali hiyo ulikuwa umekua kwa kuunganishwa vipande hadi ukavuka urefu ambao itifaki ya mti ilikadiriwa kuuhimili, yaani hatua 7 kati ya madaraja. Taarifa za mti ziliposhindwa kufika kwa wakati, mizunguko ilizuka. Kwa takriban siku 4, wauguzi na madaktari walirudi kwenye karatasi: maagizo ya dawa yaliandikwa kwa mkono na majibu ya maabara yalibebwa na watu kutoka jengo hadi jengo. Uongozi wa hospitali ulilieleza tukio hilo hadharani ili wengine wajifunze. Somo lake kwa mada hii ni kwamba makubaliano juu ya nani anaongoza ni sehemu ya miundombinu kama ilivyo kebo, na yakivunjika, wanaoumia si wahandisi pekee.

4.0 Akiba Yenye Jina, 1989–1998

Hatua iliyofuata ilikuwa kumtaja mrithi kabla kiongozi hajafa. Itifaki ya OSPF, ambayo waraka wake wa kwanza, RFC 1131, ulitolewa mwaka 1989, na ambayo toleo lake la pili lilikamilishwa na John Moy katika RFC 2328 ya mwaka 1998, huteua ruta moja kuwa mwakilishi wa mtandao na nyingine kuwa mwakilishi wa akiba. Ruta nyingine huanzisha uhusiano kamili na wote wawili, si na mmoja. Kwa hiyo, mwakilishi akifa, wa akiba hahitaji kujitambulisha. Tayari anajulikana, na tayari ana taarifa zote. Kipaumbele kikubwa hushinda, na ruta yenye kipaumbele 0 hairuhusiwi kushindana kabisa.

OSPF ilichagua urithi. Ruta yenye kipaumbele kikubwa ikiingia baada ya mwakilishi kupatikana, humkubali aliyepo. Gharama ya uamuzi huo ni kwamba msimamizi hawezi kutabiri kwa hakika nani atakuwa mwakilishi, kwa kuwa hilo hutegemea nani aliwahi. Faida yake ni kwamba mabadiliko ya uongozi huwa machache, na katika itifaki ambayo kila badiliko hulazimu ruta zote kulinganisha upya taarifa zao, uchache huo una thamani kubwa.

Mwaka 1998 huohuo zilichapishwa nyaraka mbili zinazotoa majibu tofauti kwa swali hilohilo. Zote zinahusu ruta mbili au zaidi zinazoshirikiana kuwa lango moja la kutokea. Katika HSRP ya Cisco, iliyoelezwa katika RFC 2281 ya Machi 1998, ruta hai hutuma salamu kila sekunde 3, na ya akiba husubiri sekunde 10 kabla ya kuchukua nafasi. Kurejea kwa aliyeondoka hakumrudishii nafasi mpaka msimamizi aamuru hivyo. Katika VRRP, iliyotolewa kama RFC 2338 mwezi uliofuata, hali ya kawaida ni kinyume: mwenye kipaumbele kikubwa akirejea, huchukua nafasi yake bila kuulizwa.

VRRP ina ufundi mmoja unaostahili kutajwa. Kila ruta ya akiba husubiri muda wa matangazo 3, kisha huongeza sehemu ya sekunde inayopungua kadiri kipaumbele chake kinavyokuwa kikubwa: 256 ukiondoa kipaumbele, ugawanye kwa 256. Kwa hiyo, mwenye kipaumbele 200 huongeza takriban sekunde 0.22, na mwenye 100 huongeza takriban sekunde 0.61. Anayestahili zaidi huamka kwanza na kutangaza; wengine wakisikia, hunyamaza. Ushindani umegeuzwa kuwa tofauti ya subira, na hakuna haja ya majadiliano.

5.0 Rundo, 2003–2013

Cisco ilipotoa swichi za Catalyst 3750 mwaka 2003, iliruhusu hadi swichi 9 kuunganishwa kwa pete ya kebo yenye uwezo wa gigabiti 32 kwa sekunde. Kihistoria, umbo hilo lina maana: tatizo la Le Lann lilirudi katika pete halisi, safari hii nyuma ya kabati. Kila mwanachama alipewa kipaumbele kati ya 1 na 15, thamani ya kiwandani ikiwa 1. Hata hivyo, kigezo cha kwanza katika orodha hakikuwa kipaumbele. Kilikuwa hiki: swichi ambayo tayari ni kidhibiti kikuu ibaki. Ndipo vilifuata kipaumbele, vigezo vya usanidi na programu, muda wa kuwa kazini, na hatimaye anwani ndogo.

Huu ni urithi uliowekwa wazi kabisa. Swichi yenye kipaumbele 15 ikiongezwa katika rundo linalofanya kazi, haimwondoi anayeongoza mwenye kipaumbele 1. Kipaumbele chake ni haki ya kushindana nafasi itakapokuwa wazi. Lakini rundo la mwaka 2003 halikuwa na mrithi aliyetajwa. Kila mwanachama alitunza nakala ya usanidi, na kiongozi alipokufa, waliobaki walishindana. Nakala ya usanidi ilikuwapo. Hali ya kazi ya dakika hiyo haikurithiwa kikamilifu.

Kulikuwa pia na tatizo la utambulisho. Rundo lilijitambulisha kwa mtandao kwa anwani ya maunzi ya kidhibiti kikuu. Kiongozi alipobadilika, anwani nayo ilibadilika, na majirani waliona kifaa kigeni: namba ya rundo katika itifaki ya mti ilibadilika, na lango ambalo kompyuta zililijua likaonekana jipya. Ndipo ikaongezwa amri ya kumruhusu kiongozi mpya aendelee kutumia anwani ya aliyeondoka. Msimamizi asipotaja muda, huendelea nayo kwa dakika 4. Akitaja 0, huendelea nayo bila kikomo. Kwa lugha ya makala hii, dakika hizo 4 ni muda wa ukaimu ndani ya mfumo wa urithi: mpya ameshika kazi, lakini bado anaitwa kwa jina la mtangulizi wake, kwa matumaini kuwa atarudi.

Mwaka 2008, Juniper ilitoa swichi za EX4200 zilizoweza kuunganishwa hadi 10. Hapa majukumu yaligawanywa tangu mwanzo: kidhibiti kikuu, kidhibiti cha akiba, na wanachama wa kawaida wanaopitisha data tu. Kipaumbele kilikuwa kati ya 0 na 255, thamani ya kiwandani ikiwa 128. Mfuatano wa vigezo ulianza na kipaumbele kikubwa; ndipo ikafuata aliyekuwa kiongozi rundo lilipowashwa mara ya mwisho, kisha aliyekaa rundoni kwa muda mrefu zaidi, na mwisho anwani ndogo. Cisco ilikuwa imeweka uendelevu mbele ya kipaumbele. Juniper iliweka kipaumbele mbele ya uendelevu.

Tokeo la mfuatano wa Juniper ni ukaimu. Kidhibiti kikuu kikizimika na kurejea, na kama kipaumbele chake ni kikubwa kuliko cha aliyeshika nafasi, uongozi humrudia. Kwa hiyo, hitilafu moja huzaa mabadiliko mawili ya uongozi, na kama kifaa kinazimika na kuwaka mara kwa mara kutokana na umeme mbovu, mabadiliko hayaishi. Mtengenezaji aliitambua hatari hiyo, na miongozo yake ikashauri kidhibiti kikuu na cha akiba vipewe kipaumbele sawa, kilicho juu kuliko cha wengine. Vipaumbele vikilingana, kigezo cha kwanza hunyamaza na uendelevu huamua. Kwa maneno mengine, msimamizi huelekezwa kuugeuza ukaimu kuwa urithi kwa mkono wake.

Swichi za Catalyst 3850, zilizotolewa mwaka 2013, zilikamilisha mwelekeo huu kwa upande wa Cisco. Sasa rundo lina swichi hai na swichi ya akiba iliyotajwa, na ya akiba hupokea hali ya kazi ya swichi hai mfululizo. Swichi zinazowashwa ndani ya sekunde 120 hushiriki katika uteuzi kwa pamoja. Inayochelewa hukuta nafasi imekwisha kujazwa. Mrithi asiyejulikana wa mwaka 2003 alikuwa amekuwa mrithi mteule.

6.0 Vichwa Viwili

Taratibu zote zilizoelezwa zinategemea dhana moja dhaifu: kwamba ukimya ni kifo. Lakini kiongozi anaweza kunyamaza kwa sababu kebo imekatika, huku yeye mwenyewe akiwa hai. Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha mwaka 1985 kwamba katika mfumo ambamo ujumbe hauna ukomo wa muda wa kufika, hakuna utaratibu usiobahatisha unaoweza kuhakikisha mapatano hata kama ni kifaa kimoja tu kinachoweza kufa. Kiini cha ugumu huo ni kwamba aliyekufa na aliyechelewa hawatofautishiki. Sekunde 15 za pete, sekunde 10 za HSRP na nyinginezo zote si maarifa. Ni makisio yaliyokubaliwa.

Rundo likikatika vipande viwili, kila kipande huweza kumweka kiongozi wake. Vyote viwili vina usanidi uleule, kwa hiyo vina anwani ileile. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa mafahali wote wawili wanajibu kwa jina moja. Kompyuta iliyoelekezwa kwenye lango hujibiwa na huyu sasa na yule baadaye.

Juniper ilijibu kwa kanuni ya idadi. Kipande chenye kiongozi na wa akiba pamoja huendelea. Wakitengana, kipande cha wa akiba huendelea kikiwa na angalau nusu ya wanachama wa awali. Kipande cha kiongozi huendelea kikiwa na zaidi ya nusu. Ugawaji wa nusu kwa nusu humpa ushindi wa akiba. Sababu inaeleweka kwa kuangalia rundo la swichi 2: wa akiba akibaki peke yake, hana njia ya kujua kama mwenzake amekufa au ametengwa, na kanuni isiyomruhusu kuendelea ingelifanya rundo zima life kwa kifo cha mmoja. Gharama ni kwamba kama kebo tu ndiyo iliyokatika, kiongozi aliye hai hujizima. Ndiyo maana kwa marundo ya swichi 2 miongozo ilishauri kanuni hiyo izimwe. Hakuna jibu lisilo na hasara. Kuna kuchagua hasara ya kubeba.

Cisco nayo ililazimika kukabili upande wa pili, yaani vipande vinapounganishwa tena. Viongozi wawili hulinganishwa kwa vigezo vya kawaida, na wanachama wa upande ulioshindwa hujizima na kuwaka upya ili wajiunge na mshindi. Msimamizi anayerudisha kebo mchana wa kazi bila kulijua hili huwakatia mtandao watumiaji wa nusu ya jengo kwa nia ya kuwasaidia.

7.0 Suala la Istilahi

Historia hii ina madai juu ya maneno. Neno la kwanza la kuhojiwa ni “uchaguzi”, tafsiri ya kawaida ya neno la Kiingereza lililotumiwa na Garcia-Molina mwaka 1982. Katika itifaki ya Raft, iliyochapishwa na Diego Ongaro na John Ousterhout mwaka 2014, seva hupiga kura kwelikweli, na kiongozi huhitaji wingi wa kura. Hapo “uchaguzi” ni neno sahihi. Katika rundo la swichi hakuna kura. Kuna vigezo vilivyopandwa mapema na mhandisi wa kiwandani au na msimamizi, na vifaa huvitekeleza. Huo ni uteuzi uliofanywa na mtu asiyekuwapo. Makala hii imetumia “uteuzi” kwa sababu hiyo.

La pili ni jozi ya bwana na mtumwa, ambayo ilienea katika uhandisi wa karne ya 20. Ron Eglash, katika makala yake ya mwaka 2007, aliifuatilia jozi hiyo hadi ripoti ya mwaka 1904 ya mnajimu David Gill kuhusu saa za kituo cha kuchunguza nyota cha Cape Town. Mwaka 2003, utawala wa Los Angeles County uliwaomba wauzaji wake waache kuitumia. Katika mitandao, Catalyst 3750 ilimwita kiongozi bwana. Catalyst 3850 ikatumia maneno yenye maana ya hai na ya akiba. Na RFC 9568 ya mwaka 2024 ikaiondolea VRRP neno hilo.

Kwa Kiswahili, hoja ina uzito wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kihistoria. Katika pwani ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na amri ya kukomesha hadhi ya utumwa ikatolewa mwaka 1897, “mtumwa” si sitiari iliyopoteza makali. Wa pili ni wa kiufundi, nao ungetosha peke yake: mtumwa hakuwa akisubiri zamu ya kuwa bwana. Swichi ya akiba ipo kwa sababu hiyo tu. Sitiari hiyo inapotosha maana ya kitu inachokitaja.

Pendekezo ni kutumia “kidhibiti kikuu” na “kidhibiti cha akiba” kwa majukumu, na kuongeza tofauti ambayo istilahi za Kiingereza huieleza kwa mzunguko. Naibu hufanya kazi pamoja na mkuu wake. Kaimu hushika nafasi mpaka mwenyewe au mteule apatikane. Mrithi hushika nafasi na kuimiliki. Mwalimu akisema kuwa VRRP kwa kawaida humweka kaimu na OSPF humweka mrithi, mwanafunzi ameelewa bila kukariri tabia ya itifaki hizo baada ya hitilafu. Vyombo vya ukuzaji istilahi, likiwamo Baraza la Kiswahili la Taifa, vingeweza kuijadili jozi hii kwa faida ya ufundishaji.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa vigezo vya rundo la swichi ni tabaka za historia. Anwani ya maunzi ilitokana na ulazima ulioelezwa na Angluin mwaka 1980. Kipaumbele kilitokana na haja ya binadamu kusahihisha bahati ya anwani. Uendelevu ulitokana na kutambua kuwa kila badiliko la uongozi lina gharama. Na kanuni ya nusu ilitokana na hofu ya vichwa viwili. Huweza kudaiwa kuwa mfuatano wa vigezo hivyo ni suala dogo la utekelezaji. Ulinganisho wa mwaka 2003 na 2008 unapinga dai hilo: vigezo karibu vilevile, vikipangwa kinyume, vilizaa kaimu upande mmoja na mrithi upande mwingine, na wasimamizi wakalazimika kufanya kazi tofauti.

Kwa jumla, mwelekeo tangu 1977 umekuwa kuelekea urithi uliotajwa mapema, lakini ukaimu haujatoweka, wala haupaswi kutoweka pale ambapo kifaa cha akiba ni dhaifu kuliko kikuu. Jambo lisilobadilika ni kwamba uteuzi hufanyika hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kuteua. Msimamizi asiyeweka kipaumbele hajauacha uongozi wazi. Amemwachia mtengenezaji aliyegawa anwani kiwandani, na mara nyingi matokeo ni kifaa kikongwe kuongoza vipya. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna uamuzi huo unavyofanywa, au unavyoachwa, katika taasisi zinazotumia marundo hayo kila siku.